Plugin yangu ilipita test kwa chai na nduma, kisha ikamwangusha mwanafunzi niliyemtengenezea

Muuga wakuu. Hiyo ni salamu yetu huku Meru, nyinyi wa Tanga na Mwanza itikieni tu vile mnajua.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Miaka mingi nasoma nyuzi za watu nikicheka peke yangu ofisini mpaka secretary anauliza kama niko sawa. Leo nimeamua kuandika wangu.

Kiswahili changu ni cha shule na cha town, nyumbani tunaongea Kimeru, kwa hivyo ngeli zikigongana mahali msiniitie polisi. Mambo yenyewe yalitokea hivi hivi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana Meru ni kubwa kwa ramani lakini kwa udaku ni kijiji kimoja.

Mnijue kwanza. Mimi ni ICT technician kwa college fulani ya walimu. Hicho cheo kinasikika vizuri kwa harusi. Kazi yenyewe ni kutoa karatasi zilizokwama kwa printer, na kumwekea deputy principal password mpya kila Jumatatu kwa sababu ya Ijumaa ameisahau.

Pia mimi ndiye admin wa platform yetu ya masomo ya online. Hiyo platform ni ya college kadhaa za huku mlimani pamoja. Server na wakubwa wake wako Embu. Wanafunzi wananiita mwalimu, na sijawahi kushika chaki maishani.

Sasa siku moja, saa nne asubuhi, mama mmoja akasimama kwa dirisha la ofisi yangu. Anaitwa Kanana. Sisi tulimwita Mama Mwenda, kwa sababu ya mtoto wake.

Alikuwa anasomea diploma ya kufundisha watoto wa chekechea, huku ameandikwa kazi kwa shamba moja la maua kule Timau. Anakata waridi ndani ya greenhouse. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo mpaka kwa viwiko, na aliniambia ananyunyiziwa baridi na dawa kwa mpigo mmoja. Alitaka kutoka huko aende kufundisha watoto. Hiyo tu.

Akanionyesha simu. CAT, ule mtihani wa katikati ya muhula, ya unit moja, yaani somo moja: sifuri kwa ishirini.

Kilichotokea kilikuwa rahisi kuelewa. Anakoishi ni bondeni nyuma ya mashamba ya ngano, network inakuja na kuondoka vile inataka yenyewe. Alikuwa amejibu maswali kumi na mbili, network ikapotea, saa ya CAT ikaendelea kukimbia, muda ukaisha, platform ikajitumia karatasi tupu. Unit ikaanguka.

Na sheria ya college ni kwamba unit ukiirudia ukaanguka mara ya pili, unaondolewa. Miaka yake mitatu yote inaenda na maji. CAT ya kurudia ilikuwa imebaki miezi minne.

Wakuu, nilikasirika. Mnajua watu wanasema Mmeru hasira yake iko karibu na mdomo. Yangu iko karibu na keyboard. Nikamwambia, "Mama Mwenda, hii ni upuzi. Nitakutengenezea kitu. Utajibu maswali bila network, simu itayaweka, network ikirudi itayatuma yenyewe. Wewe enda nyumbani, uniachie mimi."

Alitaka kusema kitu. Nikaendelea kumweleza vile itafanya kazi. Akasema asante mwalimu, Mungu akubariki, akaenda.

Nikaketi nikaandika code miezi miwili. Hiyo plugin, yaani kiprogramu cha kuongezea platform, nikaiita Akiba. Nakwambia ilikuwa imekaa vizuri. Hata nikaiwekea ujanja dhidi ya wezi: jibu lolote ambalo saa yake ni ya kabla ya CAT kufunguliwa, litupwe, maana huyo amepata maswali kwa njia ya panya. Nilijiona mtu wa maana sana siku niliandika hiyo mistari.

Sasa ikaja approval.

Huwezi kuweka plugin yako kwa platform hivi hivi. Embu wanataka form. Form inataka watu thelathini waitest kwa kozi ya majaribio, kila mmoja aandike makosa aliyoona, wewe urekebishe, kamati ya college itie sahihi, ndio upeleke kwao.

Sisi lecturers wetu ni ishirini na wawili. Nikaongeza secretary, librarian, matron, dereva wa bus, watu wa store, mpishi wetu Mama Karimi, na askari wa gate aliyekuwa shift hiyo. Wakafika thelathini na mmoja. Nikawafungulia account wote.

Sasa huku kwetu huwezi kuita watu thelathini na moja kwa kazi yako uwakalishe mdomo mkavu. Huo ni ukosefu wa heshima. Nikanunua majani na maziwa, Mama Karimi akachemsha nduma, zile nyinyi mnaziita magimbi, sufuria mbili kubwa.

Tukakusanyika staffroom. Deputy akaomba. Aliombea network, akaombea vijana wenye vipaji, akanitaja kwa jina. Kisha tukajitambulisha, watu ambao tunaonana kila siku. Kisha ikaletwa chai.

Baada ya chai nikawaambia wafungue simu, waingie kwa kozi ya majaribio. Wengine waliingia. Wengine walishika simu tu wakiitazama kwa upole. Dereva alimpatia matron simu yake amfanyie. Dakika kumi, deputy akasimama akasema, "Mimi nimeona kazi ya huyu kijana wetu. Napendekeza tuipitishe." Mtu wa store akaunga mkono. Makofi.

Nikakusanya maoni. Wakuu, mtu amekunywa chai yako, amekula nduma yako, jina lako limetajwa kwa maombi, halafu aandike kwamba kitu yako ni mbovu? Atakuwa mtu wa aina gani?

"Kazi safi." "Very good, keep it up." "Mungu akuinue." "Tunajivunia wewe." Kurasa nzima za hivyo.

Kosa lililoandikwa lilikuwa moja. Lilitoka kwa mpishi mwenyewe: "Nduma ziletwe mapema, zilichelewa kuiva."

Na mimi, mjinga niliyesoma, nikazifunga hizo karatasi zote nikazituma Embu.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, kutoka kwa Madam Wawira. Huyu ndiye anayepima plugin zote. Nilikuwa sijawahi kumwona. Aliandika kwa Kiingereza cha adabu sana, nawatafsiria:

"Asante kwa ripoti yako. Nimesoma maoni yote thelathini na moja. Kosa pekee lililopatikana linahusu nduma. Naomba kujua jambo moja: hii plugin ya kufanya kazi bila network, mliitest wapi mahali hakuna network?"

Nikasoma mara ya kwanza, nikakasirika. Mara ya pili nikaangalia juu ya dari ya staffroom. WiFi ya college iko pale pale, inawaka taa ya kijani. Tulikuwa tumetest mwavuli ndani ya nyumba.

Lakini unadhani nilikubali? Aa wapi. Nilizunguka wiki nzima nikimsema huyo mama. Eti watu wa Embu wana maringo, eti anaonea wivu college ndogo, eti amezoea kukataa. Mwalimu Gitonga, ambaye ndiye alikuwa anafundisha hiyo unit ya Kanana, akaniuliza, "Lakini si alichouliza ni ukweli?" Nikamwona naye pia ni msaliti.

Shida ni kwamba CAT ilikuwa imebaki wiki tatu, na Embu wakikwambia rudia test, foleni yao ni mwezi. Akiba haingekuwa approved kabla ya CAT. Kanana angerudi bondeni na simu yake na sifuri ya pili.

Hapo ndipo nilifanya kitu ambacho admin hafai kufanya.

Nikachagua wanafunzi wanane wa unit hiyo hiyo, wanaoishi mahali network ni ya kuomba. Wengine Timau, mmoja Kibirichia, mmoja Maua, Kanana akiwa ndani. Nikawawashia Akiba kimya kimya kwa CAT yenyewe, ile ya marks za kweli. Gitonga hakujua. Embu hawakujua. Hesabu yangu ilikuwa kwamba naua ndege wawili: Kanana anaokoka, na Embu nawapelekea test ya mahali hakuna network, wafunge mdomo.

Nikawaambia hao wanane, "Mkimaliza, kila mtu aniandikie iliendaje. Ukweli."

CAT ikafanyika. Maoni yakaja, manane.

"Iko sawa mwalimu." "Iko poa." "Imenisaidia sana." Kanana aliandika: "Iko sawa kabisa. Mungu akubariki wewe na familia yako."

Nilifurahi mpaka nikaenda kujinunulia nyama ya kuchoma. Nikaandika ripoti mpya, nikatuma, Embu wakanipa siku ya kwenda kuitetea mbele ya kamati yao.

Siku mbili kabla ya safari, Gitonga akaingia ofisini na karatasi. Ilikuwa orodha ya marks. Akaniambia, "Huyu mama wa Timau ameanguka tena. Sifuri. Inabidi nipeleke jina kwa registrar wiki ijayo. Inaniuma, lakini ni sheria."

Nikamwambia haiwezekani. Akanionyesha. Sifuri kwa ishirini.

Nikafungua log, kile kitabu ambacho server inaandika kila kitu kilichotokea. Sikuwa nimekiangalia tangu CAT iishe, kwa sababu nilikuwa na maoni mazuri ya watu, log ya nini.

Majibu ya Kanana yalikuwa yamefika. Yote ishirini. Nikayasahihisha kwa macho, kumi na tano yalikuwa sawa. Lakini saa ya simu yake ilisema yaliandikwa Januari mosi, mwaka ambao hata Mwenda hakuwa amezaliwa. Kwa hivyo Akiba ikaona huyu ni mwizi, ikayatupa yote.

Nikampigia. Alipokea wakati wa lunch, nasikia wenzake wakipiga kelele nyuma. Tuliongea Kimeru, nawaandikia kwa Kiswahili.

"Mama Mwenda, siku ya CAT, ulipotuma majibu, simu ilikuonyesha nini?"

"Iliandika kwa nyekundu. Majibu yamekataliwa."

"Na wewe ukaniandikia iko sawa kabisa?"

"Sasa mwalimu, ningeandika nini? Ni wewe tu uliyejaribu kunisaidia. Nianze kukuharibia jina kwa wakubwa wako? Nilisema, mimi hata kama nimeanguka, wewe usianguke kwa sababu yangu."

Haki ya Mungu, alikuwa amekaa mwezi mzima na hiyo sifuri, anajua inamaanisha nini, na anamwombea mtu aliyemletea.

Kesho yake nikaomba ruhusa nikaenda Timau. Nilimpata kwa gate ya shamba akitoka shift. Simu hawaruhusiwi kuingia nayo greenhouse, wanaziacha kwa locker. Akaitoa. Betri ilikuwa imefura mpaka kifuniko kimefungwa na rubber band.

Akaiwasha nikiona. Ikifa hiyo simu inasahau saa na tarehe, ikiamka inadhani ni Januari mosi ya miaka hiyo. Ikipata network inajirekebisha. Lakini siku ya CAT ilikufa akishamaliza kushusha maswali, naye akayajibu bondeni, hakuna network, kama nilivyomwambia.

"Huwa inafanya hivyo kila siku?" nikamuuliza.

"Kila siku," akasema. "Kwani za watu wengine hazifanyi?"

Dakika tano za kusimama kwa gate na mtu mmoja. Nilikuwa nimetest na watu thelathini na tisa.

Sasa sikilizeni mahali nilikuwa. Kesho yake ndiyo Embu. Ripoti niliyokuwa nimetuma ilikuwa safi, maoni manane mazuri. Nikinyamaza, plugin inapita, mimi napongezwa, nauza jina. Kanana anaondolewa, na hatasema neno, alikuwa ameshaniambia hatasema. Nikifungua mdomo, ni lazima niseme kwamba niliweka kitu ambacho hakijapitishwa kwa CAT ya kweli, kinyume cha sheria zao zote. Watu wamefutwa kazi kwa kidogo kuliko hicho.

Ningependa kuwaambia niliamua palepale kama mwanaume. Uongo. Asubuhi ya safari nilikuwa bado na ripoti safi kwa laptop, na deputy kando yangu kwa gari la college akinifundisha vile nitasimama, "kifua mbele, usiseme haraka haraka."

Embu tulipokelewa vizuri. Chumba kina watu kumi hivi. Maombi. Kujitambulisha. Madam Wawira nikamwona: mama mfupi, sweta ya bluu, miwani imefungwa na kamba shingoni, hana maringo yoyote. Nilikuwa nimemchora kichwani kama simba.

Nikaanza kuongea. Nikaonyesha picha. Watu wakatingisha vichwa. Harufu ya chai ikaanza kuingia kutoka chumba cha pili, na nyinyi mnajua mkutano ukifikia hapo kila kitu kinapita. Mwenyekiti, mzee mpole sana, akasema, "Naona hii ni kazi nzuri. Kuna mtu wa kupendekeza?"

Mmoja akapendekeza. Deputy wangu hata hakungoja, akaunga mkono, na hakuwa hata mwanakamati.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mwenyekiti, samahani. Kuna mtu ilimwangusha."

Deputy akanivuta koti.

Nikasema yote. Wanane, CAT ya kweli, simu ya Timau, Januari mosi, maandishi mekundu, sifuri. Nikasema huyo mama anaondolewa college wiki ijayo kwa kosa la code yangu.

Mwenyekiti akavua miwani. Mtu mmoja akasema kwa Kiingereza kwamba hili ni jambo zito sana. Deputy alikuwa anaangalia viatu vyake.

Madam Wawira ndiye aliuliza swali. "Umeleta log?"

Nikampa. Akasoma pole pole, watu wakingoja, chai ikipoa. Kisha akasema, "Hili ndilo kosa la kwanza la kweli nimeona kwa karatasi zako. Mbona ulikuwa umelificha?" Lakini hakusema kwa ubaya.

Uamuzi ukatoka siku hiyo hiyo. Plugin isipitishwe. Mimi niandikiwe barua ya onyo, nayo iko kwa file yangu mpaka leo. Na CAT ya wale wanane ifutwe yote, wairudie, kwa sababu ilifanywa na kitu kisichoruhusiwa.

Mlisoma vizuri? Wote wanane. Hata wale saba waliopita.

Wueh. Nilipopeleka hiyo habari kwa WhatsApp group yao, ndipo nikajua watu wa mlima tunaweza kuongea.

Kirimi wa Maua, anayefunga miraa, alikuwa amepata kumi na saba. Akanitumia voice note ya dakika nne. "Wewe mwalimu uko na wazimu? Nimefanya hiyo CAT na mkono mmoja, mwingine unafunga bunda, pickup inapiga honi! Na hiyo Akiba yako inakula charge kama nini, nilianza na sitini nikamaliza na nane!"

Gatwiri wa Kibirichia, mkulima wa waru, yaani viazi, akafuata. "Hata maandishi yenyewe siyaoni kwa jua! Nilibonyeza hicho kitu cha kutuma mara tatu, sijui imeenda haijaenda, nikapanda mpaka juu ya shamba kutafuta network. Na sasa nirudie? Ai, tafadhali!"

Mwingine akasema akipigiwa simu katikati, maswali yanarudi mwanzo. Mwingine akasema swali la kumi na moja picha yake haikuwahi kufunguka, alikisia.

Hawa ni wale wale walioniandikia "iko sawa" na "iko poa". Nilikuwa nimewauliza kwa upole, wakanipa upole. Nilipowaudhi, wakanipa test report.

Nikachukua kalamu. Sikujitetea hata mara moja. Nilisikiza ile voice note ya Kirimi mara tano, nikatoa matusi, nikabaki na makosa manne. Kwa jumla nilipata kumi na tisa. "Mwalimu uko na wazimu" sikuiandika, ingawa Madam Wawira baadaye aliniambia ningeiweka kwa kiambatisho.

Sasa Kanana.

CAT ya kurudia haikuruhusiwa kutumia Akiba. Kwa hivyo tulikuwa tumerudi pale pale: mama, bonde, network. Nikampigia Kanana simu, Gitonga akiwa hapo kando yangu, tumefungua sauti. Gitonga, mtu wa maneno machache, akamuuliza, "Huko shambani hamuwezi kupewa off siku moja?"

"Tunapewa, mwalimu. Ukileta barua ya college."

"Na mbona hujawahi kuleta?"

"Sikujua inaombwa wapi."

Wakuu, mlango wa secretary anayeandika barua na mlango wangu zinagusana. Tulienda pamoja na Gitonga. Barua ilikuwa mistari mitatu na muhuri. Ilichukua muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai.

Alikuja siku hiyo amevaa nguo ya kanisani. Nikamkalisha kwa lab, computer ya pembeni, ya waya, haina hata haja ya WiFi. Gitonga akakaa mlangoni. Dakika arobaini na tano. Alipata kumi na sita.

Unit ikapita. Hakuondolewa.

Alipotoka nikamsindikiza mpaka gate. Nilikuwa na swali tangu siku ya Timau. Nikamuuliza, "Mama Mwenda, siku ile ya kwanza ulisimama kwa dirisha langu, ulikuwa umekuja kuomba nini hasa?"

Akacheka kidogo, akaangalia chini. "Nilikuwa nimekuja kuuliza kama mnaweza kunikubalia nifanyie CAT kwa computer ya hapa. Lakini ulianza kunieleza mambo ya Akiba, ulikuwa na furaha sana. Nikaona si vizuri kukukatiza."



Akiba ilipitishwa semester iliyofuata. Saa ya simu haiaminiwi tena, Madam Wawira ndiye alinionyesha njia, server inahesabu yenyewe. Wanafunzi wengi wa Maua na Kibirichia wanaitumia, na Kirimi bado anailaumu kwa sababu ya charge. Kanana hakuwahi kuitumia tena. Alikuwa amemaliza. Sasa anafundisha watoto wa PP1, chekechea ya mwaka wa kwanza, na mikono yake imepona.

Kwa hivyo kama kuna funzo, ni hili nililolipata kwa barua ya onyo: mtu akisimama kwa dirisha lako, nyamaza kwanza umsikie hadi mwisho. Na ukitaka kujua kama kitu chako kinafanya kazi, usiulize mtu uliyemnywesha chai, wala mtu anayekupenda. Huyo wa pili ndiye mbaya zaidi, atakufa na sifuri yake kimya.

Sasa ni zamu yenu. Nimeandika uzi mrefu na najua una makosa. Naomba msiniandikie "asante mkuu, uzi mzuri". Niambieni mahali ulichosha, mahali mimi nilikuwa mjinga kuliko nilivyokiri, na kama na nyinyi mna mtu aliyewahi kuwaambia "iko sawa kabisa" na haikuwa.

Ukiona ni vizuri kila mahali, wewe hujasoma.